Kifungu Gani? Majibu kwa Wanaosema Biashara Imetufunga Mikono

Pembeni ya reli pale Sakania, Kongo, mpakani na Zambia, mama mmoja ameweka meza yake ndogo: sabuni, chumvi ya vipimo, biskuti, na pakiti ya sigara iliyochanwa juu. Kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Kijana anatoa noti ya faranga iliyochakaa, anachukua sigara moja, anaiwasha hapo hapo na kwenda zake. Pakiti hakuigusa. Onyo lililochapwa ubavuni hakuliona, na hata angeliona limeandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu sigara ile ilitengenezwa kwa ajili ya soko la ng'ambo ya mpaka. Yeye shuleni alisoma Kifaransa, nyumbani anaongea Kilamba, na mjini Kiswahili.

Sigara moja tu, lakini tayari imevuka mpaka, imelipiwa ushuru au imekwepa, na imepita juu ya sheria za nchi mbili. Ndiyo maana anayetaka kuzungumzia mapafu ya yule kijana hana budi kuzungumzia pia biashara ya kimataifa. Na ukianza tu, utajibiwa kwamba haiwezekani, kwamba mikataba imekwisha kutufunga mikono. Majibu hayo nimeyasikia Lubumbashi, nimeyasikia Kasumbalesa, na mara nyingi kwa watu ninaowaheshimu. Ninayachukua moja moja, kwa sababu nadhani yanatugharimu watu.

Niseme mapema kwamba siichukii biashara. Sakania ni mtoto wa reli. Njia ya chuma kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikaingia Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Tangu hapo tumekula, tumevaa na tumesomesha watoto kwa kinachopita mpakani.

"Mikataba haituruhusu kuigusa sigara."

Hili ndilo dai kubwa, na ndilo linalosemwa kwa uhakika zaidi na watu ambao hawajawahi kuifungua hiyo mikataba. Kongo iliingia Shirika la Biashara Duniani, WTO, tarehe 1 Januari 1997. Tumo SADC, tumo COMESA, tangu Julai 2022 tumo Jumuiya ya Afrika Mashariki, na eneo huru la biashara la bara zima tumeliridhia. Mikataba ni mingi, sikatai. Lakini mkataba mama wa biashara ya bidhaa, ule wa GATT, katika kifungu chake cha 20, aya ya (b), unairuhusu nchi kuchukua hatua zinazohitajika kulinda uhai na afya ya watu, ilimradi hatua hizo zisiwe kisingizio cha kuwabagua wafanyabiashara wa nje. Mikataba ya kanda zetu nayo ina kinga ya namna hiyo.

Kifungu hicho kimekwisha kupimwa kwa sigara zenyewe. Mwaka 1990 Marekani iliishtaki Thailand kwa kuzuia sigara za kigeni. Waamuzi walisema kuzizuia za wageni huku za shirika la serikali zikiendelea kuuzwa ni kosa. Ila katika uamuzi huo huo walieleza kwamba Thailand ina haki ya kupiga marufuku matangazo, kulazimisha maonyo, kudhibiti kilichomo ndani ya sigara na kupandisha kodi, mradi sigara zote zitendewe sawa. Thailand ilifungua soko, kisha mwaka 1992 ikatunga sheria kali za tumbaku zinazomhusu mwenyeji na mgeni kwa kipimo kimoja.

Nyumbani kwetu Afrika Mashariki kuna mfano ulio karibu zaidi, nao ningependa kila mbunge wa mkoa wetu wa Haut-Katanga aujue. Mwaka 2017 Uganda ilibadili sheria yake ya ushuru ikaweka viwango viwili, kimoja cha sigara zilizotengenezwa Uganda na kingine, kizito zaidi, cha zile zinazotoka nje. Tawi la British American Tobacco (BAT) nchini humo lilikuwa limeacha kutengeneza sigara Uganda na lilikuwa likizileta kutoka Kenya. Likaenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, na tarehe 26 Machi 2019 likashinda.

Kesi hiyo hutajwa kama ushahidi kwamba kodi ya sigara haiwezekani. Ukiisoma, inasema kitu kingine kabisa. Uganda ilishindwa kwa sababu ilitoza viwango viwili kati ya nchi za soko moja. Hakuna jaji aliyesema kiwango kilikuwa kikubwa mno. Lau kile cha juu kingetozwa sigara zote, kesi isingekuwa na mahali pa kusimamia. Marekani nayo ilipigwa hivyo hivyo kule WTO mwaka 2012: ilikataza sigara zenye ladha ya karafuu, ambazo nyingi zilitoka Indonesia, ikaziacha za mentholi zilizotengenezwa kwake. Kote huko kilichohukumiwa ni ubaguzi. Afya haikuhukumiwa popote.

Hapa ndipo ninapowaomba wataalamu wetu wa fedha waangalie kwa makini. Ushuru wa forodha, ule unaotozwa kwa sababu tu bidhaa imevuka mpaka, kadiri tunavyozidi kuingia katika maeneo huru ya biashara ndivyo unavyopungua, na kwa baadhi ya bidhaa utafika sifuri. Ukipungua kwa sigara na serikali ikakaa kimya, sigara itashuka bei mezani kwa yule mama. Mkataba wa biashara unaweza kuua kwa njia hiyo, kimyakimya, bila mtu yeyote kukusudia. Lakini ushuru wa aksisi, unaotozwa bidhaa popote ilipotengenezwa, mikataba imetuachia wenyewe. Kinachoshuka upande wa forodha kinaweza kupandishwa upande wa aksisi, faranga kwa faranga na zaidi, bila kuvunja ahadi hata moja. Shirika la Afya Duniani linashauri kodi zifike angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja. Uamuzi huo ni wa Kinshasa.

"Tutashtakiwa, na hatuna pesa za kesi."

Woga huu una historia, na anayeudharau hatendi haki. Nchi hii imewahi kushtakiwa na mwekezaji ikashindwa. Kampuni moja ya Kimarekani, AMT, ilikuwa na hisa katika kiwanda cha betri cha SINZA, Kinshasa. Wanajeshi walikipora mwaka 1991, wakakipora tena mwaka 1993. Kampuni ilitumia mkataba wa uwekezaji kati ya Marekani na Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, na Februari 1997 waamuzi wakaamuru Zaire ilipe fidia. Afisa wa wizara anayekumbuka hayo, akiletewa barua yenye nembo ya mawakili wa kigeni, lazima moyo umdunde.

Lakini kuporwa kwa kiwanda na picha ya mapafu yaliyooza kwenye pakiti si jambo moja. Uruguay, nchi ya watu wasiofika milioni 4, iliamuru maonyo yafunike asilimia 80 ya pakiti, na kila chapa iuzwe kwa sura moja tu. Mwaka 2010 kampuni ya sigara ya Philip Morris ikaipeleka kwenye usuluhishi. Tarehe 8 Julai 2016 Uruguay ilishinda, na kampuni ikaamriwa kuilipa dola milioni 7 za gharama zake. Gharama za utetezi Uruguay haikuzibeba peke yake, kwani mfuko wa Michael Bloomberg uliisaidia. Australia, iliyokuwa ya kwanza kuondoa rangi na nembo zote kwenye pakiti, Desemba 2012, ilishtakiwa kila upande: na Philip Morris kwa mkataba wa uwekezaji kati yake na Hong Kong, na nchi kadhaa kule WTO. Ya kwanza ilitupwa Desemba 2015. Ya pili ilifika mwisho Juni 2020, Australia ikiwa imeshinda.

Kwa majirani zetu je? Tarehe 28 Mei 2019 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliitupa kesi ya BAT dhidi ya sheria ya tumbaku ya 2015. Tarehe 26 Novemba mwaka huo huo, Mahakama ya Juu ya Kenya ikaikatalia BAT Kenya rufaa yake dhidi ya kanuni za 2014. Hizo ni nchi za Kiafrika kama yetu, na mahakama zake ni za majaji wa nchini mwao.

Basi kwa nini makampuni yanaendelea kutishia kesi zinazoshindwa? Kwa sababu kesi inayoshindwa baada ya miaka 6 imekwisha kununua miaka 6. New Zealand, nchi tajiri, ilitangaza waziwazi kwamba itasubiri kwanza kesi za Australia ziishe. Gazeti la The Guardian la Uingereza, Julai 2017, liliandika kuhusu vitisho na shinikizo la makampuni ya sigara dhidi ya serikali za nchi 8 za Afrika zisizidishe masharti. Kongo ilikuwa mojawapo, pamoja na Togo, Gabon, Namibia na nyinginezo. Barua ni rahisi kuliko kesi. Haimhitaji jaji, haijibiwi hadharani, na ikimkuta mtu mwenye hofu inafanya kazi siku hiyo hiyo. Hata hivyo, Desemba 2018 Kongo ilipata sheria yake ya afya ya umma, namba 18/035, yenye vifungu vya kudhibiti tumbaku. Kwa hiyo tunaweza.

"Mkipandisha kodi, magendo yatatumaliza. Ninyi watu wa Sakania mnalijua hilo kuliko wote."

Tunalijua, ndiyo. Kwa hiyo mtusikilize. Anayeishi hapa ameona baiskeli zikikata porini jioni na mizigo iliyofunikwa turubai. Ameona pia malori yenye karatasi zote, na kilichomo si kilichoandikwa. Mimi ninachojua kwa macho yangu ni kwamba baiskeli hizo hazikungoja kodi ya sigara ipande. Zilikuwapo kodi ikiwa ndogo. Zinabeba unga, mafuta ya kupikia, bia, chochote chenye tofauti ya bei na asiyetazama.

Kwingineko duniani hali ni hiyo hiyo. Miaka ya 1990 huko Ulaya, nchi za kaskazini zenye kodi kubwa kabisa za sigara zilikuwa na magendo madogo, huku za kusini zenye kodi ndogo zikijaa sigara za barabarani. Uingereza mwaka 2000 ilikuwa na tatizo kubwa: karibu sigara 1 kati ya 5 ilikuwa ya magendo. Iliongeza mashine za kumulika mizigo, ikawabana wasambazaji, na kodi haikuishusha. Baada ya miaka kama 12 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi karibu 1 kati ya 10.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotuonya kuhusu magendo hawalisemi. Mwaka 2004 Philip Morris ilikubali kuilipa Jumuiya ya Ulaya na nchi wanachama dola bilioni 1.25 katika makubaliano ya kumaliza mzozo juu ya sigara zake zilizokuwa zikiingia kwa magendo. Mwaka 2007 Japan Tobacco ikakubali dola milioni 400. Mwaka 2008 makampuni mawili makubwa ya Kanada yalikiri makosa kuhusu sigara zilizopita njia za magendo, na pamoja na malipo ya kiraia yakatakiwa kutoa zaidi ya dola bilioni 1 za Kanada. Mtu mwenye rekodi hiyo anapokuja kumshauri waziri kuhusu hatari ya magendo, waziri ana haki ya kumwomba aanze na historia yake.

Dawa yenyewe inajulikana. Kuna Itifaki ya kukomesha biashara haramu ya tumbaku, iliyopitishwa Seoul mwaka 2012 na kuanza kazi tarehe 25 Septemba 2018. Inataka kila pakiti iwe na alama ya kuifuatilia kutoka kiwandani, na inadhibiti hata maeneo huru ya forodha ambako sigara hupenda kupotelea. Kenya, iliyoanza kubandika stempu za kisasa mwaka 2013, imejiunga nayo. Kwetu idara ya forodha na aksisi, DGDA, ina mfumo wake, STDA, wa kubandika stempu kwenye bidhaa za aksisi, sigara zikiwamo. Stempu ikibandikwa Lubumbashi lakini isiulizwe mpakani, Sakania na Mokambo, ni karatasi tu. Nenda kwenye meza ya yule mama, geuza pakiti uone.

Na ikiwa hofu ni tofauti ya bei kati yetu na Zambia, basi tuzungumze na Zambia. Nchi za ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, mwaka 2017 zilikubaliana kiwango cha chini cha kodi ya sigara kwa kanda nzima, kusudi jirani asimharibie jirani. Zambia, kama sisi, imo SADC, imo COMESA, na imo kwenye Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku tangu 2008. Vikao vya biashara kati ya Kinshasa na Lusaka vipo. Sigara haijawahi kukosa nafasi ya kuwekwa mezani. Imekosa mtu wa kuiweka.

Wengine husema: "Mpaka wetu hautawaliki." Agosti 2024 hatujaisahau. Kongo ilizuia bia na soda kutoka Zambia, Zambia ikajibu kwa kufunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Siku chache tu, lakini malori ya shaba yalisimama, madereva wakalala chini ya matela yao, na hata bei sokoni zikaguswa. Kumbe mpaka unaweza kutawaliwa ikiwa wakubwa wametaka. Na utazame ilikuwa hatua ya aina gani: kuzuia bidhaa ya jirani ili kukinga viwanda vya ndani, jambo ambalo sheria za biashara hulitazama kwa jicho kali kuliko yote. Kodi moja ya sigara kwa wote, onyo moja kwa wote, ni jambo ambalo sheria hizo zimeliruhusu kwa maandishi. Lile gumu tumelithubutu, hili jepesi tunaambiwa haliwezekani.

Dai la kwamba biashara huria haiongezi wavutaji, ila inabadilisha tu chapa, halihitaji maneno mengi. Japani, Korea Kusini, Taiwan na Thailand zilifunguliwa masoko ya sigara kwa shinikizo la Marekani kuanzia miaka ya 1980. Wachumi Frank Chaloupka na Adit Laixuthai walipopima baadaye, walikuta uvutaji wa sigara kwa kila mtu katika nchi hizo umepanda kwa karibu asilimia 10 juu ya ambavyo ungekuwa. Ushindani huleta bei nafuu na matangazo. Kwa unga hiyo ni neema. Bidhaa inayoua hadi nusu ya wanaoizoea haifai kupewa neema hiyo.

Kuhusu dai la kwamba wakulima wa tumbaku watakosa riziki: Haut-Katanga inakula kwa mgodi na mahindi, si kwa tumbaku, kwa hiyo hoja hii tumeiazima. Lakini hata huko ilikotoka haisimami vizuri. Migori, magharibi mwa Kenya, tangu 2022 mashirika ya WHO, FAO na WFP pamoja na serikali yamekuwa yakiwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharage yenye madini ya chuma, na mnunuzi yupo.

Limebaki moja, nalo ndilo linaloniuma. "Kongo ina malaria, ina Ebola, ina vita mashariki. Sigara ni anasa ya Wazungu kuizungumzia."

Kati ya watumiaji wa tumbaku duniani, karibu asilimia 80 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakiwamo wasiovuta. Nchi yetu imo katika orodha ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na uvutaji huongeza hatari ya kukipata na ya kufa kwacho. Huku kwetu mwanaume anashinda akivuta vumbi la mawe mgodini, jioni anaongeza moshi juu yake. Tumezika watu waliokohoa miaka miwili, na kwenye matanga hakuna aliyetaja sigara. Walisema ni kazi, walisema ni baridi, walisema ni mkono wa mtu. Ugonjwa kutotajwa hakumaanishi kwamba haupo. Na tofauti na malaria, huu una kiwanda, una mkurugenzi wa masoko, na una mwanasheria.

Kodi ndiyo dawa ambayo serikali hailipii. Katika nchi kama yetu, bei ikipanda asilimia 10, uvutaji hushuka kwa karibu asilimia 5, na wa kwanza kuacha au kutoanza kabisa ni vijana, kwa kuwa ndio wenye faranga chache. Yule wa pale relini ni mmoja wao. Na kwa kuwa hununua moja moja, onyo la pakiti halimfikii. Kinachomfikia ni bei, basi.

Kongo iliridhia Mkataba wa kudhibiti tumbaku tarehe 28 Oktoba 2005. Kifungu chake cha 5.3 kinaitaka serikali izilinde sera za afya dhidi ya maslahi ya makampuni ya tumbaku, na miongozo yake inataka mazungumzo na makampuni hayo, yakilazimika kuwapo, yafanyike kwa uwazi. Kwa hiyo ombi langu kwa wabunge wetu wa Lubumbashi na Kinshasa ni dogo. Siku mtakapoletewa barua inayosema kodi hii au onyo hili linavunja mkataba wa biashara, ulizeni ni mkataba upi na kifungu gani. Kisha isomeni barua hiyo kwa sauti, mkutano ukiwa wazi, na sisi wa mpakani tukiwa tunasikiliza redioni.